Kabla hujaikata stempu, isome bahasha

Juma lililopita tulizungumza juu ya watoto wanaokusanya stempu za wanyama na samaki. Maswali yaliyoletwa baada ya hapo, mengi yakitoka Malindi, Kilifi na Mambrui, yalikuwa karibu swali moja: je, zile stempu za Mfalme Joji tunazozikuta katika makasha ya wazee zauzika?

Zauzika. Lakini wengi wetu twauza kile kisicho na bei, na kile chenye bei twakitupa jaani.

Mtazame mtoto anayeanza kukusanya stempu. Huchukua makasi akaikata pembe ya bahasha, akailoweka ile pembe katika bakuli la maji mpaka gundi ilegee, kisha akaianika stempu juu ya gazeti. Stempu huingia daftarini. Bahasha iliyobaki huenda jikoni kuwashia makaa. Ndivyo tulivyofundishwa sote tukiwa shuleni, na kwa stempu za juzi na jana si vibaya. Kwa bahasha ya mwaka 1941 ni hasara tupu. Stempu za Mfalme Joji wa Sita, zile zenye picha za simba, korongo, Mlima Kilimanjaro, Ziwa Naivasha na daraja la reli la Jinja, zilichapishwa kwa wingi sana na zimejaa duniani. Iliyokatwa haimtikisi mnunuzi yeyote. Stempu hiyo hiyo ikiwa bado juu ya bahasha yake, imegongwa muhuri wa Malindi unaosomeka, na ubavuni pana karatasi ya mkaguzi wa serikali, hiyo ni bidhaa nyingine kabisa.

Sababu yake si fumbo. Stempu yakwambia kililipwa kiasi gani, basi. Bahasha yakwambia nani aliandika, kwa nani, kutoka wapi, siku gani, ilipita njia ipi na nani aliyeifungua kabla ya mwenyewe. Na wakati wa vita mambo hayo huongezeka, maana serikali zote huwa na hofu na kalamu.

Wakusanyaji wa ng'ambo wanalijua hili vyema. Chukua Vita vya Vietnam. Serikali ya Vietnam Kaskazini ilitoa stempu za kusherehekea hesabu ya ndege za Marekani zilizoangushwa: ndege ya 500 mwaka 1965, ya 2,000 mwaka 1967, ya 3,000 mwaka 1968. Upande wa pili, askari wa Marekani aliyekuwa vitani huko, tangu mwaka 1965, hakununua stempu ya barua ya kwao. Aliandika tu kwa mkono neno FREE kwenye pembe ya bahasha. Mtu asiyejua ataitupa bahasha hiyo kwa kuwa haina stempu. Anayejua ataipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa ule mwandiko ni wa kijana aliyekuwa huko, na huenda hakurudi.

Sisi nasi tuna zetu, tena si mbali. Tuanze na stempu zenyewe, kisha twende kwenye bahasha.

Stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika wakati huo zilikuwa zikichapishwa London na kampuni ya De La Rue. Mwishoni mwa Desemba 1940 ndege za Ujerumani zilidondosha mabomu London na kiwanda hicho kikateketea. Hata kilichochapishwa kilikuwa na safari ndefu ya meli, na bahari ilikuwa imejaa manowari za adui. Posta ya huku ikawa haina uhakika wa kupata stempu. Dawa iliyopatikana ni kuazima za jirani: mwaka 1941 na 1942 stempu za Afrika Kusini zilipigwa chapa ya juu KENYA TANGANYIKA UGANDA pamoja na bei mpya ya senti 5, 10, 20 au 70. Ukiiona stempu yenye meli ya zamani, au mchungwa wenye matunda, au nyumbu, na juu yake majina ya nchi zetu tatu, ndiyo hiyo.

Hapa pana jambo la kuangalia. Afrika Kusini ilichapisha stempu zake kwa lugha mbili, moja ya Kiingereza na inayofuata ya Kiafrikana, zikipishana katika karatasi moja. Kwa hiyo wakusanyaji huzitaka mbili zilizoshikana, SOUTH AFRICA na SUID-AFRIKA ubavu kwa ubavu. Ukizitenganisha umezivunja ndoa, na bei yake yashuka. Ukizikuta pacha juu ya bahasha iliyogongwa Kilifi au Malindi, kaa kitako kwanza, usikimbilie makasi.

Vita hivyo havikuwa hadithi ya mbali kwa watu wa Malindi. Italia ilikuwa imeikalia Somalia na Uhabeshi, na ilipoingia vitani Juni 1940 pwani yetu ya kaskazini ikawa karibu na mpaka wa adui. Oktoba mwaka huo huo ndege za Italia zilikuja zikaupiga mji wa Malindi kwa mabomu. (Miaka 30 haikupita kabla Waitaliano hawajarudi, safari hii na roketi za utafiti wa anga za juu kule Ngomeni, na baadaye na mahoteli na vyungu vya tambi. Bahasha zilizogongwa muhuri siku roketi hizo ziliporushwa, hasa ile ya tarehe 12 Desemba 1970 iliyobeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, nazo zina wapenzi wake. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Basi tangu vita vilipoanza, barua ziliingia mikononi mwa wakaguzi. Barua ilipasuliwa ubavuni, ikasomwa, neno lisilotakiwa likafutwa au kukatwa, kisha bahasha ikafungwa kwa utepe wa karatasi na kupigwa alama. Mara nyingi utaona maneno OPENED BY EXAMINER na nambari ya huyo mkaguzi, au muhuri wenye picha ya taji na maneno PASSED BY CENSOR. Nimeona watu wakiubandua utepe huo kwa maji ya moto ili bahasha iwe safi. Tafadhali wasifanye hivyo! Huo uchafu ndio thamani yake.

Familia za Washihiri wa Malindi, Mambrui na Lamu, nanyi fungueni makasha. Barua kati ya pwani hii na Hadhramaut ziliendelea, nyingine kwa posta na nyingine kwa mkono wa nahodha, ambazo hizo hazina muhuri wowote. Mwaka 1942, katikati ya vita, nchi za Hadhramaut zilipata stempu zao wenyewe kwa mara ya kwanza: moja zikiwa na jina la dola ya Qu'aiti ya Shihr na Mukalla, nyingine za dola ya Kathiri ya Seiyun. Miaka ya 1943 na 1944 Hadhramaut ilipatwa na njaa kubwa, kwa kuwa Wajapani walikuwa wameiteka Java na fedha zilizokuwa zikitumwa na jamaa waliohamia huko zilikatika. Barua ya miaka hiyo kutoka Shihr kuja Malindi, anwani imeandikwa kwa hati za Kiarabu na chini yake kwa hati za Kizungu ili karani wa posta aisome, ndani yake mtu anaomba chakula: mwenye kasha lenye barua ya namna hiyo ana kitu ambacho hakuna duka litakalomuuzia.

Nikifika kwa askari wetu kalamu yangu yawa nzito, maana hapa ndipo penye hasara isiyolipika.

Katika Vita vya Kwanza, 1914 hadi 1918, watu wa pwani waliokwenda walikwenda zaidi kwa kubeba mizigo. Huku kwa Wagiriama jambo hilo la kudaiwa vijana lilikuwa moja ya sababu zilizowasha moto wa Mekatilili wa Menza. Agosti 1914, vita vikuu vinaanza Ulaya, serikali ilikuwa ikiilipua Kaya Fungo kwa baruti. Bahasha za vita hivyo zipo kwa wingi katika daftari za wakusanyaji: za maofisa wa Kiingereza, za wamisionari, za askari wa Kihindi waliotumia stempu za India zilizopigwa herufi I.E.F. Za wapagazi wetu karibu hazipo. Hawakufundishwa kuandika, na hapakuwa na posta ya kumfikishia mama huko ndani Ganze au Vitengeni.

Matokeo yake yalielezwa waziwazi Aprili 2021, pale Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipotoa ripoti juu ya waliosahauliwa wa vita hivyo. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Wamekufa, na hapana jiwe wala kitabu kinachosema walikuwa nani.

Vita vya Pili vilikuwa tofauti kidogo. Askari wa Keya na wenzao wa mizinga, magari na hospitali walikuwa na karani wa kuwaandikia, na wengi walifundishwa kusoma na kuandika hukohuko jeshini. Waliandika Kiswahili, kile Kikeya chao kilichowachekesha mabibi wa Malindi kwa kuwa hakina ngeli wala adabu, lakini kilifika. Walikwenda Uhabeshi, Madagaska, kisha Burma, au Bama kama wazee walivyopaita, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944 katika bonde la Kabaw wakati wa masika, matope yakifika magotini.

Bahasha zao utazitambua hivi. Pembeni mara nyingi pana maneno ON ACTIVE SERVICE au herufi O.A.S. Nyingine hazina stempu kabisa. Muhuri hauna jina la mji. Una herufi E.A. na A.P.O. na nambari tu, kwa sababu ya kuficha kikosi kiko wapi. Pana sahihi ya ofisa aliyeikagua. Na anwani yenyewe ni somo: hakukuwa na sanduku la posta la kila mtu, hivyo barua ilitumwa kwa mkono wa Liwali, au Mudiri, au chifu, au mwalimu wa misheni, au mwenye duka, naye ndiye aliyempelekea mama mtu. Soma anwani hiyo taratibu utajua familia ilikuwa ikikaa wapi na ilimwamini nani.

Halafu kuna zile ambazo hazikufuatiwa na nyingine. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini siku chache kabla yake kwenda Ceylon, ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, na mamia kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Ilizama kwa dakika chache tu. Kwa hiyo ukikuta kwenu barua ya askari wa mizinga ya Januari au mwanzo wa Februari 1944, na baada ya hapo hakuna barua tena, usiitie maji.

Mama mmoja wa Mambrui aliniuliza swali ambalo limenikaa kichwani. "Mwanangu," alisema, "mgeni mmoja wa hotelini ataka kuinunua bahasha ya marehemu baba. Nimeitazama sana, haina stempu. Sasa huyu anunua nini?"

Nikamwambia, mama, igeuze nyuma unisomee. Akaigeuza. Nyuma palikuwa na nambari ya jeshi, jina la baba yake, kikosi chake, na nambari ya posta ya vitani. Hicho ndicho mgeni alichokuwa akinunua. Na nambari hiyo ya jeshi ndiyo ufunguo wa kila daftari lililoandikwa juu ya mtu huyo: aliingia lini, alilipwa nini, alipewa nishani gani, aliachiliwa wapi. Jina la askari liliandikwa vile mkubwa wake alivyolisikia, Karisa akawa Kalisa, Kazungu akawa Kasungu, lakini nambari haikosi mtu wake. Familia nyingi za Kilifi zimepoteza nambari hiyo zamani na sasa haziwezi kufuatilia chochote.

Sikumwambia asiuze. Karo ya shule haingoji, na mali ni yake. Nilichomwambia ni kwamba asiuze kabla ya kufanya mambo mawili. Kwanza apige picha mbele na nyuma, picha iliyo wazi, na barua ya ndani nayo ukurasa kwa ukurasa, azigawe kwa watoto wake wote ili isipotee na simu moja. Pili, ile barua ya ndani asiitoe pamoja na bahasha kama nyongeza. Wanunuzi wengi hutaka bahasha na barua hawazisomi, maana hawajui Kiswahili. Huzichukua kwa kuwa zimo ndani tu. Na bei ya kwanza anayotaja mtu aliyekuja mwenyewe kukutafuta, msomaji mpenzi, sijawahi kuiona ikawa bei ya mwisho.

Tukirudi kwa wanaonunua badala ya kuuza, wao nao wafumbue macho. Stempu za vita huigizwa mno. Waingereza walipokiteka kisiwa cha Mafia Januari 1915, walizipiga chapa G.R. MAFIA stempu za Kijerumani walizozikuta huko. Zilikuwa chache, na kugonga muhuri wa mpira si kazi ngumu, basi zimetengenezwa za uongo nyingi. Ukiuziwa ya Mafia mtaani kwa bei ya chai, umenunua chai. Wajerumani nao, walipozingirwa na meli za Waingereza na kuishiwa na stempu, walichapisha zao katika mtambo wa misheni ya Wuga, milimani Usambara. Kabla hazijatumika, meli ikapenya na shehena ya stempu kutoka kwao mwaka 1916, hivyo zile za Wuga zikafukiwa ardhini zisitekwe na adui. Zilifukuliwa mwaka 1921 zikapelekwa Berlin zikauzwa mnadani. Nyingi zilikuwa zimeharibiwa na unyevu. Kwa hiyo mtu akikuonyesha stempu ya Wuga nyeupe kama theluji, iliyogongwa muhuri wa posta na kusafiri, muulize ilisafiri vipi na haikutumika.

Unyevu huo huo ndio adui wetu hapa pwani, yeye na mende. Gundi ya stempu ni chakula kitamu kwa mende, na chumvi ya hewa hula karatasi polepole. Usiweke bahasha katika mifuko ya nailoni, maana hutoa jasho. Usitumie utepe wa gundi kushikanisha palipochanika. Baada ya miaka michache huacha doa la rangi ya chai lisilotoka. Vidonge vya kufukuza nondo usivitie ndani ya karatasi. Ziweke bahasha zikiwa zimelala, kila moja ndani ya karatasi nyeupe safi, katika kabati la juu mbali na ukuta wa nje, na uzifungue zipate hewa wakati wa kaskazi. Zishike kwa mikono mikavu, au kwa kikoleo kidogo kama kile cha kutolea mwiba. Mafuta ya nazi na bahasha ya 1944 havipatani.

Anayetaka kujua zaidi juu ya askari wake anaweza kuanzia Makavazi ya Kitaifa, makao yake makuu yakiwa Nairobi na tawi la pwani likiwa Mombasa, au kuomba ushauri katika Makumbusho ya Malindi. Chukua nambari ya jeshi, jina kwa tahajia zote unazozijua, jina la chifu au Liwali aliyepokea barua, na tarehe ya muhuri. Nenda na nakala. Bahasha yenyewe iache nyumbani kabatini.